Baji wangu majike wanaisha mmoja mmoja, nipo Buhongwa Mwanza, naombeni msaada

binti_buhongwa:
Wakuu habari za asubuhi, naombeni msaada na kama inawezekana uwe wa haraka. Nafuga baji, hawa kasuku wadogo, banda lipo nyuma ya nyumba, nguzo za mbao na waya wa matundu ya nusu inchi, juu bati na pembeni kote nimezungushia turubai maana mwewe wa huku wamezidi, wakitua tu ndege wanajigonga kwenye waya mpaka wanatoka damu puani. Nilianza na jozi chache wakazaana vizuri mno yaani hawapumziki, vifaranga hawajamaliza kutoka kiotani mama kashataga tena, nikawa nauzia watu wa mjini na Nyegezi.

Sasa tangu masika iishe majike wanadhoofika. Wawili wameshakufa. Leo nimemkuta jike wangu wa njano amekaa chini sakafuni, kajivimbisha manyoya, macho nusu, mkia unapanda unashuka kila akivuta pumzi na huku nyuma chini ya tumbo pamejaa. Dume anamfuata kumlisha yeye anageuza kichwa. Chakula ni uwele na ulezi, maji nabadilisha, na mchicha kila siku sijawahi kuwakosesha. Kuna kaka sokoni kaniambia nichanganye dawa ya kuku kwenye maji, nimpe? Alafu kwenye kiboksi kimoja cha kutagia kuna kifaranga miguu imeenda pembeni kama anaogelea, huyo anapona kweli? Nawapenda hawa ndege, naumia.

daktari_wa_kuku:
Dada pole. Usimpe hiyo dawa, achana nayo kabisa, huyo kwa maelezo yako yai limemkwama na antibaiotiki ya kuku haitoi yai. Fanya hivi saa hii hii: mtoe bandani, muweke kwenye boksi dogo lenye kitambaa, weka balbu ile ya zamani inayotoa joto upande mmoja au chupa ya maji ya moto uliyoizungushia taulo, joto liwe kwenye nyuzi 30 hivi, na aweze kusogea upande wa pili akizidiwa. Weka na kikombe cha maji ya moto karibu, asichoweza kutumbukia, ili hewa iwe na mvuke kidogo. Muweke sehemu yenye kigiza na kimya, watoto wasichungulie.

Usimbonyeze tumbo. Nasisitiza hapo kwa sababu watu wengi mkono unawawasha, yai likipasukia ndani umempoteza. Kama una kalsiamu ya maji ya duka la mifugo mpe tone pembeni ya mdomo, taratibu asipaliwe. Mara nyingi joto na kalsiamu vinatosha misuli ikapata nguvu ya kusukuma. Ikifika jioni yai halijatoka mpeleke kwa daktari wa mifugo achomwe kalsiamu, usilale naye hivyo.

Na akitokea mwingine kufa usimfukie, mfunge kwenye nailoni, weka kwenye friji ila sio friza, halafu waulize TVLA, ile wakala ya serikali ya maabara za mifugo, wana maabara hapa hapa Mwanza, wakimpasua utajua amekufa na nini badala ya kubahatisha. Unaposafisha banda vaa barakoa na unyunyizie maji kwanza vumbi lisiruke, kuna ugonjwa wa kasuku unaohamia kwa binadamu unaanza kama mafua makali na homa.

fundi_viota_kirumba:
Daktari kamaliza upande wa dharura, mi niongelee kilichomfikisha hapo, maana huyo wa njano akipona na banda likabaki lilivyo atafuata mwingine.

Dada ndege wako hawaumwi, wamechoka. Baji asili yake ni Australia, kule katikati kwenye ukame, wanahamahama kufuata mvua, mvua ikinyesha na majani yakitoa mbegu wanazaa haraka haraka, yakikauka wanaacha. Wamefugwa tangu John Gould, Mwingereza mtaalamu wa ndege, awafikishe Uingereza mwaka 1840 lakini mwili bado unahesabu hivyo hivyo: chakula kipo, maji yapo, shimo la kutagia lipo, basi taga. Wenzetu wa Ulaya siku zikifupika wakati wa baridi ndege wanapunguza wenyewe, ila sisi Mwanza tupo karibu na ikweta, mwanga ni masaa 12 Januari mpaka Desemba, tofauti ni dakika chache tu. Bakuli la uwele halikauki. Kwa huyo jike hapo Buhongwa mvua haijawahi kukatika. Hakuna kitu kinachomwambia pumzika, kwaiyo wa kumwambia ni wewe.

Na namna ya kumwambia ni kutoa kiboksi. Sio kuziba, toa kabisa nje ya banda. Piga hesabu uone: anataga mayai manne mpaka sita, moja kila baada ya siku moja, kila yai analalia siku 18 hivi, kifaranga anakaa kiotani wiki tano, hapo ni miezi miwili tayari na yote kalsiamu inatoka kwenye mifupa yake. Ruhusu mara mbili mfululizo, halafu viboksi nje miezi sita. Jike asianze chini ya mwaka mmoja hata kama ile ngozi ya juu ya pua imeshakuwa kahawia na anatafuna mbao, na akifika miaka minne mstaafishe.

Sasa turubai. Ndege anahitaji jua la moja kwa moja ili atengeneze vitamini D, bila hiyo hata ukimlisha kalsiamu ndoo nzima haiingii mwilini. Umewafungia kwenye kivuli mwaka mzima. Mwewe mzuie kwa waya wa pili, acha nafasi ya kiganja kati ya waya na waya ili kucha zisifike, na uache upande wa mashariki wazi wapate jua la asubuhi, juu waachie kivuli wakimbilie mchana. Waya mpya usugue na siki na uusuuze kwanza, ile zinki inayong'aa wakiitafuna ni sumu.

Mchicha nao, usishangae, una asidi inayoshika kalsiamu isifyonzwe. Mara moja moja sawa, kila siku kwa jike anayetaga hapana. Badilisha na sukuma wiki, karoti ya kukwaruza, na yai la kuchemsha lililopondwa wakiwa na vifaranga. Parachichi marufuku hata kipande, linaua.

mzee_wa_bwiru:
Mkuu hapo kwenye kutoa viboksi sikubaliani sana. Mimi nafuga siku nyingi, viboksi vyangu havitoki, na wanazaa. Ndege anajua mwili wake, tukianza kuwapangia tunawavuruga, majike wengine ukiwanyang'anya kiota wanataga chini kwenye sakafu na wanaanza kupigana.

fundi_viota_kirumba:
Shikamoo mzee wangu. Kupigana ni kweli, ila wanapigana zaidi viboksi vikiwa pungufu au vikiwa vimening'inizwa juu na chini, maana kila jike anataka cha juu. Wakati wa kuzaa weka viwili kwa kila jozi, vyote usawa mmoja, na usiache jike asiye na dume humo ndani, huyo ndiye anaingia kwa wenzake kuua vifaranga. Wakati wa kupumzika vikitoka vyote siku moja hakuna cha kugombania. Kuna wanaotaga chini kweli siku za mwanzo, hao watenge na madume, punguza vyakula laini, baki na mbegu kavu, wanaacha. Mzee naomba uwatazame majike wako, sio vifaranga. Mshike mmoja mkononi upapase mfupa wa kifua. Ukiuona umechongoka na nyama imeisha pande zote mbili, huyo hajui mwili wake, anauchimba.

daktari_wa_kuku:
Naunga mkono. Jike kukwamwa na yai kwenye mabanda ya nyumbani chanzo mara nyingi ni hayo matatu aliyosema fundi yakikutana: kuzaa mfululizo, kukosa jua, kukosa kalsiamu. Huyu dada anayo yote.

Kuhusu kifaranga wa miguu, angalia sakafu ya kiboksi. Ikiwa bapa na laini miguu inateleza akiwa amekaliwa na mama. Fundi akuchongee kibao chenye shimo kama sahani katikati, na juu yake maranda ya mbao isiyo na dawa. Kama bado hajaanza kuota manyoya mifupa ni laini, kata plasta ya karatasi ile ya hospitali, zungushia kila mguu bila kukaza kisha unganisha katikati miguu ikae chini ya mwili kwa upana wa kawaida. Kagua kila siku, anakua haraka plasta itamkaba. Akishaota manyoya yote umechelewa, ingawa wengi wanaishi vizuri tu ukiwawekea vijiti vipana na chakula chini.

binti_buhongwa:
Wakuu yai limetoka!! Saa tisa hivi mchana, nimekuta liko pembeni ya kitambaa, ganda laini linabonyea kama ngozi, na yeye amesimama anakunywa maji. Nimelia. Asanteni sana, Mungu awabariki.

Maswali mawili. Kalsiamu ya kila siku nitoe wapi, mfupa wa ngisi huku hatupati. Na majike wengine wawili wanalalia sasa hivi, viboksi nitoe leo?

fundi_viota_kirumba:
Hongera dada! Huyo mwache kwenye joto mpaka kesho, anaweza kuwa na lingine, na asirudi kwa dume mwaka huu.

Mfupa wa ngisi agiza kwa mtu anayetoka Dar, ni mwepesi. Ila usisubiri: maganda ya mayai ya kuku, yachemshe dakika kumi, yaanike, yasage unga mkavu, weka kwenye kisahani chake pekee wajilie wenyewe. Magamba ya konokono ya ziwani yanayouzwa kwa chakula cha kuku nayo yanafaa, ila osha mchanga wote, chemsha, na uyasage mpaka yawe laini. Dagaa acha, za kuku zina mchanga na za watu zina chumvi, yai la kuchemsha linatosha.

Wanaolalia usiwaguse viboksi. Usiku wamulike mayai kwa tochi ya simu, yaliyofikisha wiki moja ukiona mishipa myekundu yana kitu, yaliyo meupe tupu ni maji. Wenye vifaranga wamalize wiki zao tano. Wiki ya mwisho madume ndio wanalisha, kwaiyo mara tu majike wakianza kutoka toka nje kutafuna vitu wahamishe, baba abaki na watoto. Kifaranga wa mwisho akitoka, toa kiboksi siku hiyo hiyo, usimpe jike hata usiku mmoja wa kuingia tena.

mzee_wa_bwiru:
Marahaba fundi. Nimewapapasa wanne jioni hii, wawili wamechongoka kama ulivyosema. Hao nawatenga kesho, wengine nitawaangalia kwanza. Hicho kibao cha shimo unachonga bei gani? Nitahitaji vinane.

binti_buhongwa:
Na mimi niwekee vitano fundi. Turubai la mashariki tumeshalikata, waya wa pili unafungwa Jumamosi.