Laki tatu na nusu imeliwa Uyole: "wagonjwa" wanasoma kadi, mtahini yuko kwenye simu

Wakuu, salamu. Nimejizuia wiki nzima nisiandike nikiwa na hasira. Naona haipungui, kwa hiyo niandike tu.

Mimi ni daktari, niko Njombe. Najiandaa na PLAB 2, ule mtihani wa leseni ya Uingereza unaofanyikia Manchester. Kwa wasioujua: vituo 16, kila kimoja dakika 8, na kabla ya kuingia unasoma maelezo mlangoni kwa dakika moja na nusu. Ndani yupo mwigizaji anayejifanya mgonjwa, na mtahini anakuwekea alama kwa mambo matatu: ulivyokusanya taarifa, ulivyopanga matibabu, na ulivyoongea na mtu. Mtihani wa hivyo huusomi peke yako chumbani. Lazima upate watu.

Ndiyo maana nilipoona tangazo la kambi ya mazoezi ya siku 2 Uyole, Mbeya, eti "wagonjwa wa kuigiza waliofundishwa", nilituma 350,000 siku hiyo hiyo. Nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikadandia basi la alfajiri kupitia Makambako, na baridi ya Julai ya huku mnaijua.

Kituo cha kwanza, maumivu ya kichwa. Najitambulisha, hata kiti sijavuta, mama wa watu anashusha mzigo wote: kichwa kinauma wiki 3, hasa jioni, kama kamba imekazwa, hatapiki, macho hayana shida, na anaogopa ni uvimbe wa ubongo kwa sababu dada yake alikufa nao. Kadi ilikuwa kwenye mkunjo wa kitenge, anaichungulia kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Sasa mimi nimebaki na kazi gani? Hofu ya dada ndiyo kesi yenyewe! Yule wa Manchester atakwambia kichwa kinauma, basi, halafu ananyamaza akusubiri umuulize anawaza nini. Usipouliza, hasemi, na dakika 8 zimekwisha. Ukishapewa majibu bure kituo baada ya kituo unazoea kutouliza. Yaani nimelipa hela kujifunza kufeli.

Kituo cha tatu, kijana wa bodaboda, maumivu ya kifua. Nikamuuliza kama kuna dawa yoyote inayomdhuru akiitumia. Akageuza kadi mbele na nyuma. "Dokta, hapa hawajaandika." Simlaumu hata kidogo. Aliniambia mwenyewe tukinywa chai kwamba alichukuliwa kijiweni asubuhi ile kwa elfu kumi, akapewa kadi ya Kiingereza na robo saa ya kuisoma.

Howard Barrows, daktari wa Marekani, alimfundisha mwanamke mwenye afya zake aigize mgonjwa aliyepooza miguu, huko Los Angeles, mwaka 1963. Elfu moja mia tisa sitini na tatu! Siyo jambo jipya hili, ni kukaa na mtu mkamwelekeza hiki sema mwenyewe, hiki ngoja uulizwe.

Mtahini sasa. Jamaa alikuwa anachati. Kengele ni simu yake hiyo hiyo, kwa hiyo mara inalia dakika ya 5, mara ya 12, kutegemea mazungumzo yamekolea vipi. Vituo 16 tulivyoahidiwa vikawa 6. Fomu niliyorudishiwa imeandikwa "Vizuri, 65%". Ya nini? Kule kila eneo kati ya yale matatu lina alama 0 hadi 4, jumla 12 kwa kituo. Nilimkatisha mgonjwa wapi, nilisahau kumuaga au la, hakuna.

Nimeomba nusu tu ya hela yangu. Jibu: "Dokta, kufaulu ni juhudi zako." Nilipouliza mara ya pili nikatolewa gurupuni.

Jana mwenzangu kanitumia tangazo jipya. Safari hii ni Iringa, picha ya stetoskopu ni ile ile, ada 400,000.