Kofia ya jua la Oktoba: wanaume wa Lubumbashi, tupeane uzoefu

Papa Kipara wa Kampemba

Wandugu, salamu. Juzi tulimzika jirani, saa nane mchana, jua limesimama juu ya vichwa vyetu kama mdai mlangoni. Nilivaa kofia ya marehemu baba, feltri nyeusi ya sufu iliyobanwa, ile ya misa na kilio. Kasketi, ile kofia ya mdomo mbele, niliona ni kukosa adabu mbele ya maiti. Padri alipoanza sala tukavua kofia wote, na hapo ndipo nilipogundua kwamba ile feltri ilikuwa inanipika. Jasho lilishuka mpaka kwenye kola. Upara ukatoa mvuke, sisemi uongo, mama watoto aliona. Kisha dakika ishirini nzima kichwa wazi. Usiku kichwa kiliniuma, utosi ukawaka moto, na siku ya tatu ngozi ikaanza kubambuka.

Wapo wanaosema ngozi nyeusi haiungui. Inachelewa, ndiyo. Utosi wa mwenye upara haukuambiwa.

Na mji wetu mnaujua. Juni na Julai tunalala na boneti za sufu, halafu Septemba inageuka, mwezi wa kumi tunaokwa mpaka mvua za Novemba zituonee huruma. Tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwishoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita sawasawa juu ya mji, kivuli chako kinajikunja chini ya viatu vyako.

Nataka kofia ya jua. Sitaki orodha ya "nunua hii, acha ile". Mtu aseme alivaa nini, wapi, na ilimtendea nini.

Motari wa Katuba

Papa, pole na kilio. Miye niko na moto, pikipiki ya kubeba wateja, tangu 2017. Mwanzo nilikuwa navaa kasketi nyeupe, mdomo mbele, njo mana paji ya uso ilikuwa muzuri na masikio ilikuwa inaiva kama mandazi. Kasketi inakinga paji na pua, basi. Masikio na shingo unayapa jua bure.

Siku moja, njia ya Kasumbalesa, lori ilinipita kwa nguvu na kasketi ikaruka. Niligeuza kichwa kuitafuta. Kitu cha franka elfu tano! Moto iliyumba mpaka pembeni, kwenye mchanga, na mteja nyuma akaanza kuita majina ya watakatifu ambao hata sikuwajua. Tangu siku ile barabarani navaa kofia ngumu ya moto peke yake, na chini yake kitambaa cha pamba kinachoshuka shingoni. Nikifika parkingi kungoja wateja natoa mfukoni bobu, ile kofia laini ya kitambaa yenye ukingo unaozunguka pande zote. Inakunjwa kama leso. Iko na kamba ya kidevu. Vijana wananicheka eti naonekana mtalii. Wacheke, shingo ni yangu.

Mama Shapo, soko la mtaa wetu wa Kenya

Baba Kipara, mimi nauza kofia mwaka wa kumi na moja sasa, mitumba na mpya. Ngoja niwaambie mnavyonunua nyinyi wanaume. Mwanamume anafika, anachukua ya juu kabisa, anajitazama kwenye simu, anauliza bei, analia bei, anaondoka nayo. Hakugeuza ndani. Hakuinama kuona kama itaanguka. Wiki inayofuata anarudi: "Mama, inanibana." Bila shaka inakubana, kichwa chako ni 60 na umebeba 57!

Mimi nina utepe wa fundi cherehani. Nauzungusha katikati ya paji, upana wa kidole kimoja juu ya masikio, nyuma upite pale kichwa kinapotokeza. Hiyo sentimita utakayosoma ndiyo namba ya kofia. Wengi wanaokuja kwangu ni 57 au 58. Ikiwa kubwa kidogo si taabu, nabandika kipande cha sponji ndani ya mkanda wa jasho. Ikiwa ndogo, baba, hakuna dawa. Itakuachia mstari kwenye paji na maumivu ya kichwa utakayomsingizia mke.

Jambo la pili, inueni kofia muitazame dhidi ya jua. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye chujio, jua nalo litapenya hivyohivyo. Zile kasketi za wavu nyuma zinapendwa sana na vijana kwa sababu ya hewa, lakini kwa mwenye upara wavu ule ni dirisha.

La tatu nimewahi kuaibika nalo mimi mwenyewe. Mwaka fulani nilileta kofia za "majani" dazeni mbili, nzuri kuliko zote, rangi ya asali. Zikaisha kwa wiki. Mvua ya kwanza ya Novemba ikanyesha, nikaona wateja wanarudi mmoja mmoja na kitu mkononi kama chapati iliyolowa chai. Kumbe zilikuwa za karatasi iliyosokotwa. Niliwarudishia nusu ya pesa, maana mimi mwenyewe nilidanganywa na aliyeniuzia. Siku hizi nalowesha kidole naweka upande wa ndani pasipoonekana. Ikilainika na kuvimba, siichukui.

Mzee wa Kamalondo

Mama Shapo amesema vyema kuhusu karatasi. Mimi nitasema kuhusu majani ya kweli, maana yaliniumiza pia.

Mdogo wangu anayekaa Brussels aliniletea kofia ya majani iitwayo panama. Watu hudhani inatoka Panama, lakini ni kazi ya watu wa Ekwado, husukwa kwa majani ya mmea uitwao toquilla. Ilipata jina la Panama kwa sababu zilipitishwa huko kwenda kuuzwa, na rais Roosevelt wa Marekani alipokwenda kuangalia uchimbaji wa mfereji mwaka 1906 akapigwa picha ameivaa, basi jina likaganda. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka ususi huo kwenye urithi wa utamaduni. Nawaambieni haya ili mjue nilikuwa naringa na kitu gani.

Niliringa miezi mitatu. Kila nikiivua naishika kwa vidole viwili pale mbele ilipobonyea, kama mabwana wa kwenye picha. Gari nalo likisimama, naiacha juu ya dashibodi. Agosti, hewa kavu kama majivu, nikasikia "tak". Pale pale pa vidole imepasuka. Fundi mmoja aliniambia baadaye: majani yakikauka mno yanavunjika kama ndizi za kukaanga. Kofia hiyo ishikwe kwa ukingo, isiachwe ndani ya gari, na wakati wa ukavu ipitishwe kidogo juu ya mvuke wa birika ipate kulainika. Niliyajua hayo kofia ikiwa imeshakufa.

Halafu Papa Kipara, kuhusu feltri kukupika. Babu yangu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, enzi mji wetu ukiitwa Elisabethville. Alikuwa akitueleza juu ya zile kaske, kofia nyeupe za mabwana wa Kibelgiji, ngumu, za koki ile ya vizibo na kitambaa. Waliamini jua la Afrika lingewapiga ubongo wasipozivaa hata dakika moja. Imani yao ilizidi mpaka, lakini mtengenezaji hakuwa mjinga: ndani mkanda wa kichwa ulitenganishwa na ganda, hewa ikapita kati, na juu palikuwa na tundu la kutolea joto. Kofia inayokaa juu ya utosi kama ngozi ya pili ni moto, hata ikiwa nyeupe. Tafuta yenye nafasi juu ya kichwa na matundu pembeni.

(Na vijana wasije wakaniuliza kuhusu ile kofia ya ngozi ya chui ya Mobutu. Abakosti, ile suti yake isiyo na tai, tulivaa. Ile kofia ilikuwa yake.)

Kunguru Mdogo

Mimi ni wa Mazembe, timu yetu ya mpira, Kunguru wa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kasketi yangu ni nyeusi, hakuna majadiliano. Mechi ya saa tisa na nusu, nimekaa upande ambao jua linakupiga usoni kipindi chote cha kwanza. Nilipovua kasketi mapumziko, ndani yake ungeweza kuchemsha yai. Dawa yangu: naiingiza kwenye maji, nakamua, navaa. Dakika kumi na tano raha, halafu narudia. Ikikauka jasho linaacha ramani nyeupe ya chumvi, mama anaifua kwa mkono kwa sabuni ya kipande na kuianika juu ya sufuria iliyogeuzwa isiharibike umbo. Kubadilisha rangi? Hapana, asante.

Mkulima, njia ya Kipushi

Kunguru, njoo ulime nami siku moja na hiyo kasketi nyeusi.

Shambani nimejaribu zote. Bobu ikilowa jasho inaanguka machoni. Kasketi, Motari ameshasema. Kofia pana ya kitambaa kigumu ilikuwa nzuri mpaka nilipobeba pampu ya dawa mgongoni: ukingo wa nyuma uligonga pampu, kofia ikasukumwa mbele, nikawa nanyunyizia mahindi kwa kubahatisha. Sasa ninazo mbili. Ya kupandia ni ya ukindu, mzee mmoja jirani anasuka, ukingo wake unapita upana wa kiganja. Ya pampu ina ukingo mfupi nyuma na kitambaa kinachoning'inia. Ya ukindu ikipata mvua siikaushi juani wala karibu na moto. Naiweka juu ya mtungi, kivulini, inakauka na umbo lake. Huu ni msimu wa tatu.

Dada Mkubwa wa Ruashi

Samahani naingia kwenye mazungumzo ya wanaume. Mdogo wangu wa kiume ni albino, ana miaka ishirini na mbili, na mnayoyasema kwa kucheka kwetu nyumbani ni mambo ya kila asubuhi.

Alipokuwa mdogo tulimvalisha kasketi, kama watoto wote. Hatukujua. Akiwa na miaka kumi na mbili tayari alikuwa na vidonda kwenye ncha za masikio, vinapona vinarudi. Daktari wa ngozi ndiye aliyetufungua macho: kwa ngozi isiyo na rangi, saratani huanza hasa mahali pale panapopigwa na jua kila siku, masikio, midomo, shingo, mikono. Akachukua rula. Ukingo usipungue sentimita 7 na nusu, mbele, nyuma na pembeni. Kitambaa kisukwe kwa kubana. Na upande wa chini wa ukingo uwe wa rangi nzito, kwa sababu ukingo mweupe chini unakurudishia mwanga usoni, na macho yao yanaumizwa na mwanga.

Kuna kofia zinazoandikwa UPF 50 kwenye lebo. Maana yake kitambaa kinaruhusu sehemu moja tu kati ya hamsini ya miale mibaya kupita. Tulipata moja kwenye mitumba, Mama Shapo, labda kwako! Bei ilikuwa ndogo kuliko ya kasketi yenye jina kubwa, kwa sababu hakuna aliyeitaka. Ilikuwa na sura ya mvuvi.

Shida ilikuwa shule. Kasketi au kofia yoyote haikuruhusiwa kwenye mstari wa asubuhi, na mdogo wangu alisimama juani na wenzake. Baba alikwenda mara mbili. Mara ya tatu akaenda na karatasi ya daktari, wakamruhusu. Sasa yuko chuo, anavaa kofia yake na mikono mirefu na mafuta ya kujikinga, na akiingia kanisani anaivua kama wengine, ila anachagua benchi lililo mbali na dirisha.

Motari wa Katuba

Yaya, dada yangu, asante. Masikio yangu nilikuwa naona ni kichekesho tu.

Mzee wa Kamalondo

Binti yangu, umenifundisha. Na kuhusu kuvua: mbele ya wakubwa, kanisani, ofisini, kofia hutoka, hilo halina ubishi. Lakini makaburini, jua la saa nane, sioni kwa nini mchungaji asisali chini ya mti.

Papa Kipara wa Kampemba

Nimewasoma wote mara mbili. Leo asubuhi nilikwenda soko la Kenya. Mama Shapo ana utepe kweli, na ana mdomo pia. Kichwa changu: 61. Akaita wauzaji wenzake waje kuona. Hakuwa na kofia hata moja ya namba hiyo, akajaribu tatu, zote zikakaa juu ya upara kama kifuniko cha chupa. Akacheka, nikacheka, kisha akanielekeza kwa fundi wa Kamalondo anayeshona kofia za kwaya.

Fundi ameuliza maswali kuliko polisi wa barabarani. Tumekubaliana: pamba nene rangi ya mchanga, ukingo sentimita 8 pande zote, chini yake kijani nzito, matundu mawili kila upande, kichwa chake kirefu kidogo ili hewa ipite, na kamba ya kidevu inayoweza kufichwa ndani nikiwa sina safari ya moto. Ameomba nusu ya pesa. Tayari Jumamosi, anasema, lakini nyinyi mnajua Jumamosi za mafundi.

Dada Mkubwa, nimemwachia fundi kipimo cha ukingo wako na nimemwambia kwamba huenda utapita na mdogo wako. Feltri ya baba nimeipiga brashi, nimejaza gazeti ndani kichwa kisibonyee, na nimeirudisha kwenye boksi lake. Itatoka Juni, siku za baridi.