Toronto Maple Leafs: mechi sita za kuamua, mabao matano! Uvumilivu umenishinda

Wakuu, naomba niseme bila kuzunguka. Kufungwa si kosa. Kwenye magongo ya barafuni kipa mmoja akiamka vizuri anaweza kuizima timu yoyote, na sijawahi kufungua uzi kulalamikia mechi ya namna hiyo. Ninacholalamikia ni timu inayojitoa yenyewe mashindanoni kwa njia ile ile, siku ile ile ya mwisho, mwaka hadi mwaka, halafu viongozi wanatuambia tuwe na subira.

Hesabu hii nimeipanga mwenyewe na kila nikiitazama damu inachemka. 2019, mechi ya saba na Boston: tumepigwa 5-1. 2020, mechi ya tano ya kuamua na Columbus (mwaka ule raundi ile ilikuwa ya mechi tano tu): 3-0. 2021, mechi ya saba na Montreal: 3-1. 2022, mechi ya saba na Tampa Bay: 2-1. 2024, Boston tena, mechi ya saba: 2-1 kwenye muda wa nyongeza. 2025, mechi ya saba na Florida: 6-1, tena nyumbani kwetu. Jumlisheni mabao yetu. Matano! Mechi sita za kufa na kupona, mabao matano, na hakuna hata moja tuliyofunga mawili. Na hii ndiyo timu ambayo msimu wa kawaida inasifiwa kila kona kwa washambuliaji wake.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: kwenye mchujo wa NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada, timu mbili zinakutana hadi mechi saba, anayewahi kushinda nne anasonga mbele. Ukivuka raundi nne unabeba Kombe la Stanley. Toronto ililibeba mara ya mwisho 1967, ligi ikiwa na timu sita. Leo zipo 32, na hakuna iliyokaa na ukame mrefu kama wetu.

Mimi niliingia 2013. Kaka yangu ndiye aliyenivuta, akanikalisha nitazame mechi ya saba na Boston. Kipindi cha tatu, ndicho cha mwisho, tunaongoza 4-1. Kaka akaniambia imeisha hii, akaenda kulala. Nathan Horton akafunga zikiwa zimebaki kama dakika kumi. Nikasema sawa, moja si kitu. Zikabaki dakika moja na sekunde 22, Milan Lucic akafunga. Zikabaki sekunde 51, Patrice Bergeron akasawazisha. Bergeron huyo huyo akatumaliza muda wa nyongeza. Asubuhi kaka ananiuliza, "Sasa tunakutana na nani?" Nilishindwa kufungua mdomo. Nilimsogezea simu asome mwenyewe.

Ile nilisamehe. Kikosi kilikuwa kichanga, mchujo wenyewe hatukuwa tumeuonja tangu 2004. Nikasema ni ajali, na ajali hutokea mara moja.

Halafu wakaja wale vijana. William Nylander, Mitch Marner, Auston Matthews aliyechaguliwa namba moja timu zilipogawana chipukizi 2016 na akafunga mabao manne kwenye mechi yake ya kwanza kabisa ya ligi. 2018 akaongezwa John Tavares kwa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 77. Nani asingeamini? Mimi niliamini kwa moyo wote, na bado ninasema kwa vipaji hatujawahi kuwa na kundi kama lile katika maisha yangu.

Lakini tazameni pesa ilivyogawanywa, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ligi ina kikomo cha mishahara, timu hairuhusiwi kukivuka. Msimu wa 2024-25 kilikuwa dola milioni 88. Matthews milioni 13.25, Nylander 11.5, Tavares 11, Marner 10.9. Watu wanne wanakula zaidi ya milioni 46, zaidi ya nusu ya chungu chote, na siku ya mechi timu inavalisha wachezaji 20. Wale 16 waliobaki wanagawana kilichosalia. Ndiyo maana kila mwaka tunaokoteza mabeki, tunaokoteza makipa, na ikifika Mei mwili wa mpinzani ni mzito kuliko wetu.

Hata hayo ningeyameza kama wale wanne wangefunga siku inapohitajika. Matthews ana msimu wa mabao 69, wa 2023-24. Sitini na tisa! Na mpaka mchujo wa 2025 unaisha hajafunga bao hata moja kwenye mechi ya saba. Marner naye hajafunga hata moja. Yale mabao matano niliyoyataja, moja ni la Tavares, mawili ya Nylander, moja la Morgan Rielly ambaye ni beki, na moja la Max Domi. Nylander simgusi katika uzi huu, ametimiza wajibu wake. Tavares naye amekubali kubaki kwa mshahara mdogo sana kuliko ule wa mwanzo, na hilo ninaliheshimu.

2021 ndiyo iliyoniumiza kuliko zote, na wengi wenu mnaipita haraka. Montreal ile ilikuwa timu ya kawaida. Tunaongoza mechi tatu kwa moja. Ni kweli Tavares aliumia kichwa mechi ya kwanza na tukio lile lilitisha, nililia. Lakini baada ya pale tulishinda tatu mfululizo bila yeye! Tulikuwa tumebakiza moja. Mechi ya tano tukapoteza muda wa nyongeza, kosa moja la kupasiana katikati, wakatujia wawili na hakuna beki aliyebaki nyuma. Ya sita muda wa nyongeza tena. Ya saba tukaingia tumeshakufa. Unamwona mtu anapokea paki, yaani kile kisahani cheusi cha mpira, anaitoa haraka kama inaunguza mkono. Anayelipwa milioni kumi na moja anamtafuta mwenzake ampe mzigo. Nilizima kabla haijaisha, na sijawahi kuzima kabla ya siku ile.

Na mnapata picha gani mkiwatazama walioondoka? Phil Kessel tulimwuza Pittsburgh 2015, akabeba kombe 2016 na 2017, akaongeza la tatu na Vegas 2023. Nazem Kadri tulimtoa 2019, akabeba na Colorado 2022. Zach Hyman tulimwacha aende zake 2021, akaenda Edmonton, msimu wa 2023-24 akafunga mabao 54 na timu yake ikafika fainali. Hyman ndiye aliyekuwa akiingia kwenye kona kugombea paki kwa ajili ya Matthews na Marner. Tulimwacha kwa sababu pesa imekwisha, na pesa imekwisha kwa sababu ya wale wanne. Linganisheni wenyewe.

Kuna usiku mmoja sitaki kuusahau hata nikiwa na hasira. Aprili 29, 2023, mechi ya sita na Tampa Bay, muda wa nyongeza, Tavares anageuka na kupiga, paki inaingia. Tumevuka raundi ya kwanza baada ya miaka 19. Nilimpigia kaka simu usiku ule ule, safari hii hakuwa amelala. Tulibaki kwenye simu hatuongei, tunasikilizana tu pumzi. Raundi moja, wakuu. Tulifurahia raundi moja kama kombe. Siku chache baadaye Florida wakatutoa kwa mechi tano.

Nije 2025, iliyonifanya nianzishe uzi. Msimu mzuri, pointi 108, tumeongoza kundi la Atlantic. Kocha mpya Craig Berube, mtu aliyeipeleka timu ya St. Louis mjini Boston 2019 akashinda mechi ya saba ya fainali ugenini. Nikasema huyu anaijua njia. Tukawatoa Ottawa kwa mechi sita. Tukawakuta Florida, mabingwa watetezi, tukawapiga mbili za kwanza. Mbili bila! Halafu ya tatu tukaipoteza muda wa nyongeza, aliyefunga Brad Marchand. Ya nne 2-0. Ya tano nyumbani 6-1. Ya sita tukaenda kwao tukawafunga 2-0, vijana wetu wakacheza kama wanaume, kila mtu anaziba shuti kwa mwili wake, Matthews akafunga la kwanza. Nikarudi kuamini. Ya saba, nyumbani, 6-1.

Mechi mbili nyumbani, mabao 12 kwa 2. Mashabiki walitupa jezi barafuni. Kuna watu walisema ule ni utovu wa heshima. Mimi sikubaliani nao. Yule mtu amelipa kiingilio kizito, amevaa jina la mchezaji mgongoni, na anachokiona ni wachezaji waliokata tamaa kipindi cha pili. Afanye nini?

Na Marchand! Huyu bwana alikuwepo Boston 2013, 2018, 2019 na 2024, akahamia Florida, akatukuta tena 2025. Mechi tano za saba dhidi yetu, ameshinda zote tano. Mtu mmoja! Mechi ya saba ya 2025 alikuwa anateleza kati ya mabeki wetu kama yuko mazoezini, hakuna aliyemgusa bega. Kama benchi la ufundi halikuandaa mpango wa kumbana Marchand, walikuwa wanaandaa nini?

Baada ya hapo rais wa timu, Brendan Shanahan, akaondoka baada ya miaka 11. Sawa. Na Marner akaenda Vegas. Nasema hivi kwa uchungu: kuondoka kwake sipingi, napinga namna alivyoondoka. Mchezaji aliyetoka kumaliza msimu na pointi 102, yaani mabao na pasi za mabao, tumepata nini kwa ajili yake? Nicolas Roy, mchezaji wa safu za chini. Mnajua kwa nini? Kwa sababu walimpa mkataba wenye kifungu kwamba hawezi kuhamishwa bila ridhaa yake, kisha wakaukalia mpaka mwaka wa mwisho. 2021 kila mtu aliona kwamba kundi lile limefika ukomo. Marner angeuzwa kabla kifungu hakijaanza kufanya kazi tungepata beki wa maana na chaguo za chipukizi. Hawakuthubutu. Waliogopa kuonekana wamekosea, na sisi ndio tuliolipa kwa miaka minne.

Msiniambie laana. Nimechoka na neno laana. Laana haimwandikii mtu mkataba. Laana haikutuchezesha mchujo wa 2024 na Boston tukapata nafasi 21 za kucheza tukiwa na mtu mmoja zaidi yao, tukafunga moja tu. Yale ni mazoezi, ni mipango, na ni wachezaji wanne wanaosimama pale pale wanapasiana kandokando mpaka muda unaisha.

Nyongeza: nimesoma majibu yenu, niwajibu wawili watatu.

Mkuu uliyesema Matthews alikuwa mgonjwa 2024, ndiyo, alikosa mechi ya tano na ya sita. Zote mbili tulishinda 2-1 bila yeye, tukitokea nyuma kwa mechi tatu kwa moja. Alirudi ya saba na David Pastrnak akatumaliza kabla dakika mbili za nyongeza hazijatimia. Simlaumu kwa kuugua. Ila hoja yako inaniunga mkono, kwamba bila yeye vijana wale wengine walijua hakuna wa kuwaokoa, wakapigana.

Uliyeuliza kuhusu ile mechi ya Februari 2020 ya dereva wa mashine ya barafu: ni kweli kabisa, na si hadithi ya kuchekea. Makipa wawili wa Carolina waliumia, akaitwa golini David Ayres, ndiye dereva huyo, miaka 42, mtu mwenye figo ya kupandikizwa, ambaye alikuwa akisaidia hata mazoezi ya watu wetu. Tulimfunga mawili ya haraka, kisha tukasimama. Alizuia mashuti manane na Carolina wakashinda 6-3. Ayres namheshimu sana, alistahili usiku wake. Lakini timu yangu ilijua aliye golini si mchezaji wa ligi na ikashindwa hata kumpigia mashuti. Siku ile ilikuwa na maana yote ya ninachokisema hapa.

Na dada uliyeniambia nihame timu. Nimekuelewa, umesema kwa wema. Kaka yangu ameshaacha, tangu ile 6-1 hataki nimtumie hata matokeo. Mimi sihami. Msimu ukianza nitakuwa pale pale nimekaa. Kombe siliulizii kwa sasa. Siku ikifika tena mechi ya saba, nataka kuona bao la kwanza, halafu mtu mmoja aliyevaa jezi yetu arudi katikati akiwa bado ana njaa, afunge la pili.