Naomba ushauri: kijana wangu kang'ang'ania namba tasa 2147483647

Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya, baridi imetubana ndani na kijana wangu wa kidato cha tatu kajaza daftari zima kwa namba moja: 2147483647. Ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 31, ukatoa 1. Anataka kuthibitisha kwa mkono kuwa ni tasa, simu hagusi.

Alianza kugawa kwa 3, 7, 11, 13... nikamwambia atazeeka. Kipeuo chake cha pili kinapita kidogo 46340, na chini ya hapo kuna namba tasa 4792 za kujaribu!

Nimekumbuka mwanahisabati Euler aliimaliza kazi hii mwaka 1772. Alionyesha kigawo chochote cha namba hiyo, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Kwa hiyo tasa ya kwanza ya kujaribu ni 311 (dogo kagawa, imebaki 35), inayofuata 1303. Mzigo umepungua sana.

Sasa kaniuliza kwa nini iwe 1 au 63, hapo nikakohoa tu. Hesabu niliziacha zamani, nauza viazi. Na hataki kuambiwa "ndivyo ilivyo", maana aliwahi kudhani 31 kuwa tasa kunatosha kuifanya namba yake iwe tasa, hadi alipokuta 2047, yaani 2 kwa kipeo cha 11 (nayo tasa) toa 1, ni 23 mara 89.

Walimu mliomo humu, nimweleweshe vipi kwa lugha ya kidato cha tatu? Aanzie mada gani?