Msamiati wa Kiingereza kwa mwongoza watalii mlimani: nianzie wapi?

Mpagazi_Marangu
Wadau, salamu. Nimekuwa mpagazi Kilimanjaro na sasa ninajiandaa kwa usaili wa mafunzo ya uongozaji. Kiingereza cha kupokea wageni na kuwaandalia chakula ninakimudu, lakini mgeni anaponyoosha kidole upande wa kilele cha Mawenzi na kuanza kuuliza maswali, maneno hunikauka mdomoni. Kamusi ninayo, ila sioni nitaimaliza lini. Je, maneno ya lazima ni yapi, na niyafuate kwa utaratibu gani?

Mzee wa Horombo
Ndugu, weka kamusi kando ujifunze kwa kuifuata njia yenyewe. Ukipandia njia ya Marangu, siku ya kwanza yote uko msituni, kwa hiyo anza na "rainforest", "stream", "moss" na "canopy", yaani lile paa la matawi. Ukishapita kituo cha Mandara, kwenye mita 2,720, miti mirefu inakwisha na unaingia "heath", yaani vichaka vifupi, na "moorland", uwanda wazi wa nyasi na vichaka. Huko mbele, karibu na kituo cha Horombo, ndiko kuliko na ile mimea minene yenye kilemba cha majani ambayo hakuna mgeni anayeipita bila kuipiga picha, nayo huitwa "giant groundsel". Juu ya Horombo ni "alpine desert", yaani jangwa la mlimani, na uwanda mpana ulio kati ya kilele cha Kibo na Mawenzi ni "the Saddle". Usiku wa kupanda kileleni utahitaji "scree", ile changarawe legevu inayokurudisha nyuma kila ukikanyaga, na "switchbacks", njia ya kupinda huku na huku. Neno likiwa na mahali pake, miguu yenyewe itaukumbusha ulimi.

Binti Machame
Shikamoo Mzee. Utaratibu huo ni mzuri, lakini mimi ningetanguliza usalama, kwa kuwa hakuna mgeni aliyewahi kuumia kwa kutojua jina la ua. Pale Ukuta wa Barranco, mwamba mkali wa kuparamia, ambapo mikono inafanya kazi sawa na miguu, sema kwa ufupi: "Hold here." "Face the rock." "Let the porters pass." Matamshi nayo yaangaliwe, maana "Don't slip" (usiteleze) ikivutwa kidogo inakuwa "Don't sleep" (usilale), na mgeni atakushangaa badala ya kutazama anapokanyaga.

Kuhusu ugonjwa wa mwinuko, usitegemee "Are you OK?" peke yake. Mtu aliyelipa fedha nyingi ili afike kilele cha Uhuru atajibu "Yes" hata kama ametoka kutapika nyuma ya hema. Uliza "How is your head?", "What did you eat?", "Did you sleep?", kisha msikilize na umtazame anavyotembea. Ujue "headache" (maumivu ya kichwa), "nausea" (kichefuchefu), "dizzy" (kizunguzungu) na "short of breath" (kukosa pumzi), pamoja na sentensi moja isiyojadiliwa: "We are going down now."

Mwalimu wa Jiografia
Marahaba nawaachia wenyewe. Mimi naongeza mawe. Wageni wengi huuliza kama mlima utalipuka. Volkano za Shira na Mawenzi ni "extinct", zimekufa kabisa, ilhali Kibo ni "dormant", imelala tu, na ndani ya kreta ya Reusch, shimo la volkano lililo juu yake, bado hutoka gesi yenye harufu ya salfa. Tenganisha pia "snow", theluji inayoanguka na kuyeyuka, na "glacier", barafu kongwe iliyojikusanya kwa muda mrefu sana; wageni huuliza mno kuhusu kupungua kwake. Mwisho, Wamarekani hawahesabu kwa mita: mita 5,895 za kilele ni futi 19,341, na tarakimu hizo uzitaje bila kusitasita.

Mpagazi_Marangu
Nashukuru sana. Na mgeni akiuliza jina la ndege nisiyemfahamu?

Mzee wa Horombo
Sema "I am not sure, let me ask the head guide", kisha ukaulize kweli. Usimbunie jina, kwa kuwa wapenzi wa ndege huja na kitabu chao mfukoni.