Januari Ujerumani: bekari na migahawa kwenye baridi kali, milo ipangweje?

Mpanda_Treni
Wakuu, salaam. Naelekea Ujerumani mwezi wa kwanza kwa treni: Berlin, Leipzig, Nürnberg, kisha München. Nataka kula kwenye bekari na migahawa midogo ya wenyeji, si ile ya vituoni. Siku ipangwe vipi ili nisikute milango imefungwa huku nje ni nyuzi 5 chini ya sifuri? Mkate wa asubuhi utunzwe vipi? Na kadi inatosha kwa malipo?

Saa_Mbovu
Mkuu, kinachowakwamisha wageni wengi ni saa kuliko baridi. Naandika kwa saa zetu. Mlangoni utakuta 14:00, hiyo ni saa 8 mchana.

Bekari nyingi hufunguliwa saa 12 au saa 1 asubuhi, na asubuhi ndipo rafu zinapojaa. Ukifika saa 10 jioni unachagua mabaki, na katikati ya Januari Berlin jua huzama saa 10 na robo hivi. Tafuta yenye meza ndani, upate kahawa na kimkate kilichojazwa jibini au yai ukiwa umekaa kwenye joto.

Mlo mzito uweke mchana. Angalia ubao wa nje ulioandikwa Mittagstisch: ni chakula cha siku, kwa kawaida kati ya saa 5 na nusu na saa 8, kinatoka haraka na ni nafuu kuliko cha jioni. Baada ya hapo majiko mengi huzimwa hadi saa 11 au 11 na nusu jioni. Pengo hilo ndilo linalomwacha mtu akizunguka kwenye theluji na njaa. Lijaze kwa keki na kahawa, kama wenyeji wafanyavyo alasiri.

Kuna siku za kuangalia. Ruhetag ni siku ya mapumziko ya mgahawa, mara nyingi Jumatatu. Betriebsferien ni likizo ya biashara nzima, na wiki za mwanzo wa Januari ndiyo majira yake. Tangazo huwa karatasi tu mlangoni wakati mtandao bado unaonyesha kuko wazi, kwa hiyo piga simu kwanza. Tarehe 6 Januari ni sikukuu München na Nürnberg, lakini Berlin na Leipzig ni siku ya kawaida. Jumapili bekari nyingi hufungua saa chache za asubuhi.

Fundi_Ngano
Kuhusu mkate: usiuweke nje ya dirisha la hoteli kwa kudhani ubaridi utautunza. Wanga wa mkate uliookwa hujipanga upya na kukakamaa, na kasi yake ni kubwa zaidi kwenye ubaridi wa friji, juu kidogo ya sifuri. Juu ya kipasha-joto nako unakauka. Uache mezani chumbani, ndani ya mfuko wa karatasi, upande uliokatwa ukilalia ubao au sahani.

Brötchen, vile vimkate vidogo vyenye ganda la kukatika, ni vya kuliwa siku hiyohiyo. Brezel, mkate uliopindwa kama fundo na kunyunyiziwa chumvi, ni hivyo hivyo, tena usiifunge kwenye plastiki: chumvi ya juu hunyonya unyevu, ikayeyuka, ganda likawa kama ngozi. Ukitaka mkate wa safari, nunua wa unga wa rai uliochachushwa kwa hamira ya asili (Roggenbrot). Huo unashika unyevu, unadumu siku kadhaa, na kesho yake hukatika vizuri zaidi kuliko ukiwa wa moto. Mwambie muuzaji „geschnitten“ akukatie kwa mashine, lakini ujue vipande hukauka upesi kuliko mkate mzima. Nusu inatosha: „ein halbes“.

Mpanda_Treni
Asanteni sana, wakuu. Nimesahau jambo kubwa: situmii nguruwe wala pombe.

Umm_Salma
Hapo inabidi kuuliza, ndugu yangu, kwa sababu orodha ya vizio (vyakula vinavyoleta mzio) haitakusaidia. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vizio 14 vitajwe (ngano, maziwa, mayai na kadhalika). Nguruwe na pombe havimo.

Neno la kuulizia ni Schmalz, mafuta ya nguruwe. Brezel za Bayern (jimbo la München na Nürnberg) wakati mwingine huwa nayo kwenye kinyunga. Krapfen, donati za jamu ambazo Januari zimejaa kila bekari (Berlin huziita Pfannkuchen), siku hizi nyingi hukaangwa kwa mafuta ya mimea, ila uliza: „Ist da Schmalz drin?“ (kuna Schmalz ndani?) Supu za dengu na njegere mara nyingi hutiwa Speck (nyama ya nguruwe yenye mafuta) hata kama menyu haitaji nyama. Kabichi nyekundu hupikwa kwa Schmalz au divai. Keki za krimu huweza kuwa na jelatini, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe, na zabibu kavu za Stollen (keki ya Krismasi) kwa kawaida hulowekwa kwenye ramu. Alama ya vegan huondoa mafuta ya nguruwe na jelatini, lakini haiondoi pombe.

Chenji_Mkononi
Kadi pekee haitoshi. Bekari na migahawa midogo mingine huandika „nur Barzahlung“, yaani taslimu tu, au hupokea kadi za Kijerumani peke yake. Tembea na euro 50 za noti ndogo. Ukilipa kwa simu, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Baridi hudhoofisha betri na simu huweza kuzimika ghafla mbele ya kaunta.

Bakshishi ni asilimia 5 hadi 10, na husemwa wakati wa kulipa. Bili ikiwa euro 18.40, mpe mhudumu noti ya 20 useme „stimmt so“, asikurudishie chenji. Maji ya kunywa huagizwa na hulipiwa. Na koti livue mara tu unapoingia: ukila umelivaa utatoka jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha ukitoka.