Wakuu, kiti gani cha dirishani kinaonesha pwani vizuri?

Mleta mada: Habari zenu wakuu. Kuna safari ya ndege kutoka kaskazini kwenda kusini, inafuata pwani ya mashariki karibu njia nzima. Bahari na fukwe lazima zionekane. Kiti A cha kushoto au F cha kulia? Usingizi sipati kwa hili.

Ramani: Ukielekea kusini, mashariki iko kushoto kwako, yaani A. Ila usikimbilie. Ndege ikipita juu ya nchi kavu, fukwe ziko A. Ikipita juu ya maji, A utaona bluu tupu na fukwe zote zitakuwa F. Ingia Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege, uangalie safari hiyohiyo imepita wapi siku za karibuni. Inaondoka saa ngapi? Ndege gani?

Mleta mada: Saa 2 asubuhi. Boeing 737-800.

Mama Wawili: Mie dirishani sikai tena. Jirani alilala fofofo, nikabanwa haja mpaka tunatua. Chukua kiti cha njiani mdogo wangu.

Kamera: Asubuhi A mnapigwa na jua usoni, maji yanawaka tu. F jua liko nyuma yako, rangi za maji zinatoka vizuri. Kaa mbele ya bawa. Nyuma ya injini hewa ya moto hufanya mandhari yatetemeke. Kiti umeshachukua?

Mleta mada: Nimelipia 16F, safu ya mlango wa dharura. Miguu inapata nafasi, hapo sibadilishi.

Kamera: Hapo ni juu ya bawa kabisa! Miguu ina nini?

Mleta mada: Si yangu. Anayesafiri ni mama. Magoti yanamsumbua, anatembelea mkongojo, na bahari hajawahi kuiona. Bora bawa kuliko maumivu.

Niliwahi Kuhudumu: Hatakaa hapo. Wa safu hiyo lazima aweze kufungua mlango na kutoka bila msaada. Watamhamisha kabla ya kuruka, pengine kiti cha katikati.

Mzee wa Hoja: Hii chai. Ukichukua kiti hicho unaulizwa masharti kwanza. Jana safari haina mwenyewe, leo imepata mama na mkongojo!

Mleta mada: Mkuu, nimekata tiketi kwa simu yangu, swali nimejibu mimi. Mama sikumtaja kwa sababu nilijua mtaniambia asisafiri.

Dada Mkubwa: Mtu mzima wa hivyo anasafiri peke yake? Msindikize.

Mleta mada: Dada, likizo sina. Dada yangu anampokea.

Niliwahi Kuhudumu: Chai au si chai, jibu litamfaa mwingine. Piga simu leo, sema ukweli kuhusu magoti, omba F mbele ya bawa, na kiti cha magurudumu uwanjani. Mwambie mama atazame zaidi wakati wa kupaa na kushuka. Kule juu, mita 10,000, ufuo unakuwa mstari mwembamba.

Mzee wa Hoja: Na Flightradar24 umeangalia?

Mleta mada: Nimeangalia, inapita juu ya maji. F ni sahihi. Nimepiga, wameniahidi 5F. Ila 16F siiachii mpaka nione jina la mama kwenye 5F.

Ramani: Ukiliona tu, iachie 16F siku hiyohiyo.